Kesi ya Nyumba ya Taa

Watu wa Mulongwe, mtaa wa wavuvi mjini Uvira, waliiita Nyumba ya Taa, ingawa ndani yake hapakuwaka taa hata moja. Ilikuwa nyumba ya mikopo: vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, dirisha lenye nondo, na nyuma yake ghala lenye mlango mmoja wa mbao nzito. Kampuni iliyoimiliki ilikuwa ya wafanyabiashara wachache, wengine wa upande wetu wa ziwa, wengine wa ng'ambo Usumbura, nami nilikuwa mteteaji wake. Nilishinda kesi yake, na ushindi ule umenisumbua kuliko kesi zote nilizoshindwa.

Sikuwa avoka, wakili mwenye digrii. Nilimaliza sekondari kwa mapadri, nikawa karani wa baraza, nikaandika kwa miaka mingi yale waliyosema mahakimu Wabelgiji na kusikiliza namna walivyoyasema. Uhuru ulipofika waliondoka kwa haraka, mmoja akaacha hata miwani yake mezani, na serikali mpya ikatafuta watu wa kujaza viti. Makarani wakawa waendesha mashtaka. Mimi nilipewa ruhusa ya kuwa defansere, yaani mteteaji asiye na shahada ya sheria, na wateja wangu wakawa kampuni za fedha: nyumba hii ya mikopo, duka la kubadilisha noti kwenye njia ya mpakani, wakala wa bima ya mizigo huko bandarini Kalundu. Siku zile kila mwenye sanduku la chuma alishukiwa, na parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, haikukosa uchunguzi wa kufungua. Nilikuwa na kazi tele.

Mke wangu hakuipenda.

"Kila mutu iko analia, weye unatetea sanduku," aliniambia.

"Sanduku nalo lina wenyewe."

"Basi waje walie hapa mlangoni, tuwaone machozi."

Nilicheka, nikachukua mkoba wangu. Niliamini, na bado naamini, kwamba hata mwenye fedha anastahili mtu wa kusema upande wake. Kosa langu halikuwa hapo.

Kazi ya Nyumba ya Taa ilifuata mwezi wa mbinguni, na mtu asiyekaa ufukoni lazima aelezwe. Ndagala, dagaa wa ziwa letu, huvuliwa gizani. Mvuvi huwasha karabai, zile taa za mafuta ya pampu, juu ya maji, na samaki hukusanyika chini ya mwanga. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote hung'aa, samaki haoni sababu ya kuifuata taa ya mtu, na mitumbwi hulala mchangani. Siku hizo za mbalamwezi familia ilikula mkopo. Mvuvi alibeba karabai zake hadi dirishani, akaziweka rehani, akapewa fedha ya unga na chumvi. Giza liliporudi alikuja kuzichukua kwa ahadi ya mdomo tu, akaenda majini, na mavuno ya kwanza yakalipa deni pamoja na riba. Riba ilikuwa kali, sitaki kudanganya. Lakini taa haikupotea. Ililala ghalani wakati haina kazi, ikaamka wakati wa kazi. Tena wako wanawake waliozipeleka pale hata unga ukiwa haujaisha, ili waume wasiziuze kwa pombe.

Sisi wa ufukoni tulilijua hilo kama tunavyojua kuogelea. Hatukudhani kwamba kuna mtu anayehitaji kufundishwa jambo hilo.

Mwendesha mashtaka mpya alikuwa rafiki yangu. Tulikaa dawati moja kwa mapadri, tukala sahani moja ya maharage yenye mawe. Alitoka Lubarika, katika bonde la Ruzizi, kwa wakulima wa pamba na mpunga. Kwao mtu akiweka jembe rehani, amekwisha. Mvua itanyesha naye anatazama. Alikuwa mwaminifu, hakula rushwa, na dhuluma ilimtoa jasho. Kwa bahati mbaya alikuja kuikagua nyumba ya mikopo wakati wa mbalamwezi. Alifunguliwa ghala, akaona karabai zimepangwa kutoka sakafuni hadi karibu na mabati, na nyavu zimekunjwa kando. Akatoka nje, akaona wanaume wenye mabega mapana wameketi mchangani wanacheza karata. Akaunganisha mambo hayo mawili. Siku hiyohiyo aliufunga mlango kwa kamba na lakiri, akafungua uchunguzi: kampuni inawanyang'anya wavuvi vyombo vyao vya kazi.

Mshtakiwa aliyetajwa alikuwa msimamizi wa nyumba, kwa sababu kampuni haiwezi kulala gerezani. Alikuwa mtu mwembamba wa makamo, aliyevaa tai hata siku ya soko, mwenye desturi ya kufuta vioo vya karabai za watu kwa kitambaa chake mwenyewe. Alikuja kwangu, mtaa wa Songo, akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Ndugu, nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu."

"Basi kwa nini nimeambiwa niandae blanketi?"

Nilimwahidi kwamba hatalala gerezani hata siku moja, na kwamba mlango utafunguliwa kabla giza halijaanza. Niliahidi kwa sauti ya mtu anayejua. Kisha nikaenda kuutazama mlango.

Lakiri nyekundu ilikuwa imedondoshwa juu ya fundo la kamba, na katikati yake palipaswa kuwa na alama ya muhuri wa ofisi. Niliinama. Niliona msalaba mdogo umezungukwa na tawi la mtende. Niliijua alama ile kabla sijajua kwamba naijua. Ilikuwa ya vifungo vya shaba vya koti la shule yetu. Mimi pia nilikuwa na koti kama lile, limekunjwa ndani ya sanduku chini ya kitanda.

Nilisimama wima, na moyo wangu ukacheza. Niandike ukweli: sikumfikiria msimamizi wakati ule, wala wavuvi. Niliona kesi nimeshinda.

Nyuma yangu alisimama mama mmoja mjane wa Mulongwe. Mumewe alimwachia mitumbwi, naye aliiendesha biashara ya samaki kwa ulimi vizuri kuliko wanaume wengi kwa ngumi. Karabai zake zote zilikuwa nyuma ya mlango ule.

"Bwana avoka, weye si mutoto wa hapa? Mwambie yule mutu wa mpunga kwamba samaki hasomi makaratasi. Giza likifika, tutawaita ndagala kwa filimbi?"

"Litafunguliwa, mama."

"Tupeleke sisi mbele ya hakimu. Tutamweleza habari ya mwezi, hata kama ana kichwa cha jiwe."

"Mama, mkifika pale mtasema wote pamoja, na hakimu hatasikia kitu. Niachieni mimi."

Alinitazama kuanzia viatuni. "Haya. Wenye viatu watuokoe."

Kesho yake nilikwenda kwa rafiki yangu ofisini. Koti lake lilikuwa limetundikwa kwenye kiti, la bluu, lile lile, limefupika mikono.

"Karibu, mtu wa ndagala," alisema. "Nimekusikia kwa pua kabla ya macho."

"Nami nilijua uko ndani. Nimeona ndege wa mpunga wanazunguka paa."

"Umekuja kuwatetea wanyonyaji?"

"Nimekuja kuuliza hali ya koti lako."

Aliufunga mlango na kukaa juu ya meza.

"Yule Mubelgiji alienda na kashe," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeandika Bukavu nikaomba muhuri mpya, nikaandika tena. Hakuna jibu. Ulitaka nifunge kwa nini, kwa mate?"

"Nilitaka usifunge."

"Na weye, karatasi yako ya udefansere nani aliisaini? Si yule aliyesaini huku mizigo yake iko kwenye kamyo? Ndugu yangu, nchi hii yote kwa sasa tumeishikiza kwa vifungo vya makoti. Ukivuta kimoja, sijui utabaki na nguo gani."

"Basi fungua mlango, nami nitanyamaza."

"Nikifungua bila sababu, watasema nimekula. Nipe sababu. Zile taa, niambie, zinafanya nini mle ndani wakati wenyewe wanakaa bure? Nishawishi. Minye si mutu wa ziwa."

Aliniuliza. Aliniuliza kwa Kiswahili chepesi, rafiki yangu wa dawati moja, na jibu lingechukua muda wa kunywa chai. Sikumjibu. Nilikuwa nimejifunza kwa wale mahakimu kwamba mteteaji hamwonyeshi mpinzani wake silaha kabla ya vita, nami nilikuwa mwanafunzi mzuri. Tena alikuwa amenitania habari ya harufu ya samaki, na utani ule, ambao tuliurushiana tangu utotoni, siku hiyo niliamua uniume.

"Utasikia barazani," nilisema.

Alishuka mezani. "Sawa, Metre," akaniambia, kwa jina walilopewa mawakili wakubwa. Hakunitania tena baada ya hapo.

Hakimu alikuja kutoka Bukavu, kijana mwenye macho mazito, na ukumbi ukajaa mpaka watu wakakaa madirishani. Rafiki yangu alisoma mashtaka yake vizuri. Alisema juu ya mabega ya wale wanaume mchangani, juu ya watoto wao, na nilisikia watu wa mbali, waliotoka milimani na bondeni, wakiguna kwa uchungu. Wavuvi walikaa kimya. Nilikuwa nimewaonya wasifungue mdomo.

Kisha nikasimama.

"Mheshimiwa, mlango huu haukufungwa na dola. Umefungwa na koti."

Niliweka juu ya meza yake kifungo nilichokikata kwenye koti langu, na kando yake kipande cha lakiri kilichotolewa mlangoni kwa amri yake. Hakimu alivitazama muda mrefu. Akamgeukia mwendesha mashtaka.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mheshimiwa," alisema rafiki yangu.

Kicheko kilianza dirishani, kikaja hadi mbele kama maji. Nami nilisimama katikati yake nikiwa nimenyoosha shingo. Hakimu aligonga meza. Alisema kwamba muhuri usio wa ofisi si muhuri, na uchunguzi uliojengwa juu yake hauna msingi. Halafu akaniuliza, na naamini aliuliza kwa kutaka kujua, "Juu ya shtaka lenyewe, la kuwanyang'anya wavuvi, mteteaji ana la kusema?"

"Hakuna shtaka lililobaki, mheshimiwa."

"Vema," alisema, akakunja makaratasi.

Karabai zilitolewa mchana uleule. Zilibebwa kichwani kando ya mto Mulongwe hadi ufukoni, na giza lilipoingia ziwa likajaa taa tena. Msimamizi alinikumbatia akalia. Wenye kampuni walinitumia kitambaa cha suti. Mama mjane alipita na vijana wake wamebeba taa, akasimama mbele yangu.

"Umesema maneno mengi," aliniambia. "Hata moja halikuwa la ziwa."

Nilidhani ni wivu wa mtu ambaye hakupewa nafasi ya kusema.

Rafiki yangu hakudumu ofisini. Barabarani watoto walimfuata wakiita, "Koti! Koti!" nami niliwahi kuwasikia nikiwa upande wa pili wa njia, nikageuka kutazama bidhaa dukani. Barua ya kumwondoa ilikuja kutoka Bukavu, na barua hiyo, niliambiwa, ilikuwa na muhuri safi kabisa. Alirudi Lubarika kulima.

Mimi nilipata wateja zaidi. Duka la noti lilinipa kesi, wakala wa bima akanipa kesi, na kila mara nilianza kwa kutafuta kifungo: tarehe iliyokosewa, sahihi iliyokosekana, karani aliyesahau kula kiapo. Nilikuwa hodari. Sikumbuki kama niliwahi kuwauliza wateja wangu walichokuwa wakifanya hasa.

Lakini habari husafiri ikiwa nusu. Ufukoni watu walijua taa ni za nini. Bondeni na milimani walijua kitu kimoja tu: kwamba nyumba ya mikopo ilishtakiwa kwa kuwapora wavuvi, na ikaachiwa kwa sababu ya kifungo. Msimamizi alikuja kwangu siku moja, kitambaa chake kiko mkononi.

"Watu wa mbali wananiuliza kama ni kweli tuliiba," alisema.

"Waambie tulishinda."

"Nimewaambia. Wanasema hawakuuliza hilo."

Nilimpa kiti, nikamwambia maneno ya watu hayana meno. Nilikuwa mtu mzima wakati huo, mwenye watoto, na bado nilisema jambo la kipumbavu kiasi hicho.

Uasi ulipofika Uvira, wenye ofisi walikimbia, wengine kwa mtumbwi, wengine kwa miguu kuelekea mpakani. Wapiganaji walikuwa vijana wa bondeni na milimani, wenye mikuki na bunduki chache, wenye imani kubwa na hesabu ya maovu waliyotendewa. Walifungua baraza lao katika uwanja wa ukumbi uleule. Kila aliyesemwa kuwa mnyonyaji aliletwa pale, na wengine hawakurudi kwao. Walipouliza nani aliwanyonya watu wa Mulongwe, mtu wa mbali akajibu kwamba iko nyumba iliyokula taa za wavuvi. Walimchukua msimamizi akiwa amevaa tai yake.

Mama mjane ndiye aliyeniletea habari. Hakubisha hodi.

"Vaa viatu," alisema.

"Twende wapi?"

"Ukaseme lile la ziwa."

Niliogopa. Wakati ule mtu mwenye karatasi za shule alizizika nyuma ya nyumba. Mwenzangu mmoja wa barazani alikuwa ameuawa kwa sababu alijibu kwa Kifaransa. Nilimtazama mke wangu nikitumaini atanizuia. Alikuja, akanivua tai shingoni, akaiweka mfukoni mwa kitenge chake.

"Leo nenda bila hii kamba," alisema. "Na useme kwa Kiswahili. Mutu asikie."

Nikaenda. Njiani mjane aliita kwenye kila nyumba ya mvuvi, na kabla hatujafika tulikuwa kundi zima, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume.

Mkuu wa wale wapiganaji alikuwa kijana wa milimani aliyevaa koti la mvua la afisa fulani aliyekimbia. Msimamizi alikuwa amepigishwa magoti mbele yake, mikono imefungwa. Niliomba kusema. Nilikuwa nimeamua tangu mlangoni kwangu kwamba nitamaliza maneno yangu hata kama yatakuwa ya mwisho. Nilieleza habari ya mbalamwezi. Nilieleza kwa nini taa hulala na kwa nini huamka, nani huzileta, nani huzichukua. Sikutaja sheria yoyote. Nilishangaa jinsi yalivyokuwa maneno machache.

Mkuu alinisikiliza kichwa kikiwa upande.

"Haya uliyaambia serikali, siku ile ya kesi?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Mpiganaji mmoja alikuwa amenitambua. "Si yule wa kifungo! Ndiye yeye! Mzee, leo umekuja na kifungo gani?" Wakacheka, na wengine wakagusa vifungo vya mashati yao kunionyesha.

"Kwa sababu nilikuwa na njia fupi," nilimjibu mkuu, "na njia hiyo ilinipa sifa."

"Kwa hiyo huyu anapiga magoti hapa kwa sifa yako."

"Ndiyo."

Msimamizi aliinua macho akanitazama. Hakukuwa na hasira machoni mwake, na ningependa ingekuwepo.

Ndipo mama mjane akasema, na wavuvi wote wakasema, wote kwa pamoja kama nilivyoogopa siku zile. Huyu alieleza taa yake, yule alieleza ya marehemu baba yake, wawili wakaanza kugombana wao kwa wao juu ya wavu uliopasuka. Mkuu alishika masikio. Hakuna aliyeweza kufuata sentensi moja hadi mwisho, lakini hakuna aliyeweza kudhani kwamba watu wale walikuwa wakimwombea mwizi wao.

"Na riba?" aliuliza mkuu, sauti ilipotulia. "Wewe mama. Riba ilikuwaje?"

"Kali!" alisema mjane. "Kali kama pilipili, sitaificha. Lakini mwizi gani anakurudishia taa yako na kioo amekipangusa?"

Mkuu alicheka, kicheko cha kijana, na kwa sauti hiyo nikajua mtu wetu hatakufa. Wakamkata kamba. Lakini hukumu haikuishia hapo. Nyumba ya mikopo, alisema, imekwisha. Taa zirudishwe kwa wenyewe, madeni yafutwe, na mbalamwezi zijazo mapinduzi yatawalisha wavuvi. Watu walipiga vigelegele. Mjane hakupiga.

Mapinduzi hayakuwalisha. Siku za mbalamwezi zilikuja, mitumbwi ikalala, na dirisha lenye nondo likawa limefungwa. Waliobanwa sana waliuza karabai zao kwa wachuuzi waliovuka kwenda ng'ambo, na taa iliyouzwa haikurudi giza liliporudi. Majeshi ya serikali yalipouchukua tena mji, nilisimama ufukoni nikaona ziwa lina mianga michache, imeachana mbali.

Niliamua kuifungua tena nyumba ile. Nilizunguka kwa wenye kampuni mmoja mmoja, hata ng'ambo nilivuka, nikarudi kwa wale walionikataa nikakataliwa tena. Mzee mmoja aliniambia waziwazi, "Tungekuwa tumehukumiwa hatuna hatia, ningerudisha fedha yangu kesho. Lakini sisi hatukuhukumiwa. Sisi tulipenya." Nikaenda kwa hakimu mpya nikaomba atoe hukumu juu ya shtaka lile la zamani.

"Nani anakushtaki?" aliuliza.

"Hakuna, mheshimiwa."

"Mteja wako ni nani?"

"Kampuni imekufa."

"Basi nenda nyumbani, mzee," aliniambia, nami sikuwa mzee bado.

Baada ya hapo nilipanda gari la mizigo hadi Lubarika. Rafiki yangu alikuwa ndani ya shamba la mpunga, maji yamefika magotini, mgongo umepinda. Alinitambua kutoka mbali lakini aliendelea kupanda hadi mwisho wa mstari wake. Nilimwomba msamaha nikiwa nimesimama juu ya tuta, viatu mkononi. Alisema yamepita. Nilijua hayajapita, ila alikuwa mwenyeji wangu.

"Sasa niambie," alisema, "zile taa zilikuwa zinafanya nini mle ndani?"

Nikamwambia. Nilipomaliza aliosha mikono ndani ya maji ya shamba, polepole, kidole kwa kidole.

"Ningefungua siku ileile," alisema.

Hatukusema tena habari hiyo. Mke wake alitupikia wali, tukala, na rafiki yangu akanisindikiza hadi barabarani.

Niliendelea na kazi yangu miaka mingi, nikatetea kampuni nyingine nyingi, baadhi zilistahili na baadhi hazikustahili. Sikuacha kutafuta makosa ya utaratibu. Mteteaji asiyeyatafuta anamwibia mteja wake. Lakini sikukaa tena chini kabla sijasema kile mtu wangu alichofanya na kwa nini, hata hakimu alipokuwa tayari ameniambia nimeshinda. Mahakimu walichoka nami. Mmoja alikuwa akiniuliza, "Umeshinda, unataka nini tena?" nami nilimjibu nataka aandike kwa nini.

Msimamizi aliishi maisha marefu akiuza chumvi na sabuni hapo Mulongwe. Hakunilaumu kamwe, jambo lililonipa adhabu ya kutosha. Lakini wanawe walikua na jina baya. Katika ugomvi wa kisimani, katika mambo ya ndoa, likatoka: hawa ni wa yule mla taa. Waliowaita hivyo hawakuwahi kuweka rehani chochote. Walizaliwa baada ya mambo yote.

Alipofariki, matanga yalikuwa nyumbani kwake, uwanja umejaa. Binti yake mkubwa alikuja akapiga magoti kando ya kiti changu.

"Papa, weye ndiye umebaki wa wakati ule. Sema neno."

Nilisimama kwa fimbo. Nyuma, karibu na uzio, nilimsikia kijana akimnong'oneza mwenzake habari ya taa, kwa sauti ya vijana wasiojua kunong'ona. Nikaanza tangu mwanzo: ndagala ni samaki wa gizani. Nikaeleza mwezi, nikaeleza ghala, nikaeleza kitambaa cha kufutia vioo. Nikaeleza siku ya baraza, nani aliniuliza na nani sikumjibu, na kwa nini marehemu hakuwahi kupata hukumu yake. Wazee wachache wa Songo walitikisa vichwa kukubali. Pasta aliinua mkono akanionyesha saa yake, kwamba jua linakwenda na kaburi linangoja. Nikamwinamia kwa heshima, nikaendelea.

"Na riba, mzee?" yule kijana aliita kutoka kwenye uzio. "Mbona huisemi riba?"

Watu waligeuka kumkemea. Niliwazuia kwa mkono.

"Ilikuwa kali," nilimwambia. "Kaa chini, mwanangu. Nitafika huko."

Akakaa, nami nikaendelea mpaka nikafika.